Tanuri letu lisianguke mbele ya macho yetu

Ndugu na marafiki wa kiwanda chetu cha zamani cha ufinyanzi,

Ufa ulioanzia juu ya mlango wa tanuri kubwa sasa unapitisha kiganja cha mtu mzima. Mvua ikinyesha, maji yanachuruzika mpaka sakafuni. Tunawaomba mchango, na tunauomba mapema.

Anayeliona kwa nje hudhani ni bomba nene la moshi. Sivyo. Kuta ni mbili. Wa nje, wenye umbo la chupa, ulivuta hewa na kutoa moshi. Ndani yake ndimo lilimo tanuri lenyewe, lenye kuba, limefungwa mikanda ya chuma kwa kuwa matofali hutanuka yakipata moto na kunywea yakipoa. Vyombo vilitiwa kwenye makasha ya udongo mgumu ili visiguswe na moshi wala majivu, makasha yakabebanishwa hadi karibu na kuba, mlango ukazibwa kwa matofali, ndipo makaa ya mawe yakawashwa. Moto uliwaka siku mbili, tatu, usiku na mchana, ukapita nyuzi 1,000, na mchomaji alikesha nao.

Huko Stoke-on-Trent, Uingereza, matanuri ya namna hii yalizidi 2,000. Leo hayafiki 50. Sheria ya hewa safi ya 1956 iliharakisha mwisho wa makaa, gesi na umeme vikashika nafasi, mengi yakabomolewa. Letu bado limesimama, na hilo pekee linatupa ari.

Aliyeziba ufa zamani alitumia saruji. Nia ilikuwa njema, lakini saruji ni ngumu kuliko tofali kuukuu: hufungia unyevu ndani, na uso wa tofali hubanduka vipande vipande. Tunahitaji chokaa, jukwaa la kupandia na waashi wanaoijua kazi hiyo. Fedha zitaanzia hapo, kisha mikanda. Paa la chumba cha kukaushia litasubiri.

Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga, na wafinyanzi hawa waliojaza kabati za watu vyombo tumewaachia nyumba inayomomonyoka. Linatuuma.

Asiye na fedha alete matofali ya zamani, picha za chumba cha magurudumu ya kufinyangia, au siku moja ya nguvu zake. Mweka hazina atatoa risiti kwa kila mchango, na hesabu zitabandikwa langoni. Tunataka kuanza ukuta ukiwa mkavu, maana chokaa haishiki vizuri kwenye tofali lililolowa chepechepe.