Mama lishe msimbebeshe vumbi la jiji zima

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu wa kimya miaka mingi, lakini ile taarifa yenu ya hewa chafu, iliyomweka mama lishe na jiko lake la mkaa mbele ya watuhumiwa wote, imenishinda.

Aliyesema hivyo alipima nini? Kupima hasa ni hivi: hewa huvutwa kwa mashine ipite kwenye chujio, chujio likapimwa uzito, kisha maabara ikatazama kilichonasa. Potasiamu ikizidi, pana kuni au majani yaliyochomwa. Kalsiamu ni mawe ya chokaa na saruji, silikoni na aluminiamu ni udongo wa barabarani, vanadiamu na nikeli ni mafuta mazito ya meli. Sodiamu na klorini ni chumvi ya bahari, na hiyo hapa Tanga hatuna wa kumshtaki. Ndipo hesabu hupigwa, kila chanzo kikapewa fungu lake. Bila hayo ni ramli tu.

Mimi nakaa Ngamiani. Kaskazi ya juzi nimeanika shuka uani, likapita lori la unga wa mawe, turubai halina. Shuka zikawa za kijivu, na nilipozirudisha majini ule unga ukashikana kama uji uliopoa. Mjukuu wangu ana pumu. Usiku ule hakulala, na sisi hatukulala. Asubuhi nikapiga simu ofisi moja, bwana akanijibu bila haya: "Mama, huo ni moshi wa majirani zako wanaokaanga samaki." Moshi wa samaki, mhariri! Unaoganda ukilowa! Sikatai, mkaa una madhara, na wa kwanza kuyavuta ni huyo huyo mpishi. Lakini lori lina mwenyewe mwenye simu za wakubwa, mama lishe ana beseni na kanga.

Na taka je? Ada tunatoa kila mwezi, gari la taka ni la kubahatisha, basi magharibi watu wanachoma pampasi na mifuko. Hilo nalo mtamwandikia nani?

Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linataka chembe ndogo za vumbi na moshi hewani, za mikroni 2.5 kushuka (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), zisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Basi tuwekeeni machujio juu ya paa Ngamiani, Pongwe na Raskazone, mwaka mzima, kaskazi na kusi, na majibu yabandikwe soko la Mgandini penye kivuli. Kwa sasa, anayekerwa na mkaa awanunulie mama lishe majiko ya gesi. Na mitungi awe anajaza yeye.

Bibi wa Ngamiani,
Tanga