Tuulize kwanza kilichojaa ni kipi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lenu nisahihishe ushauri ambao safu yenu ya teknolojia ilimpa msomaji mwenye Nokia N900, aliyelalamika kwamba simu yake inakataa kusakinisha programu kwa madai kuwa nafasi imekwisha. Alijibiwa afute picha na nyimbo, na hilo lisipotosha anunue kadi kubwa zaidi. Ushauri huo unasikika kuwa wa busara, lakini mtu anaweza kufuta nyimbo zake zote na simu ikaendelea kukataa vilevile, kwa sababu nyimbo hizo hazikukaa mahali palipojaa.

Simu hiyo, iliyotoka mwaka 2009 ikiendeshwa na Maemo 5, mfumo endeshi wa Linux wenye asili ya Debian (mojawapo ya matoleo ya Linux), ina hifadhi mbili za ndani zisizofanana. Ya kwanza ni chipu ya megabaiti 256 tu, na humo ndimo unamokaa mfumo wenyewe. Ya pili ni ya gigabaiti 32 nayo imegawanywa: takriban gigabaiti 27 ni za picha, nyimbo na nyaraka za mwenye simu, gigabaiti 2 ni za folda ya /home, na megabaiti 768 ni swapu, yaani eneo la kuisaidia RAM, kumbukumbu ya muda ya simu, inapozidiwa. Ndiyo maana mtu hutazama gigabaiti 20 zilizo wazi akaona simu inamdanganya, kumbe inasema kweli kuhusu ile chipu ndogo. Amri ya df -h katika terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, humaliza ubishi huo, maana huonyesha kila kizigeu (sehemu ya hifadhi iliyotengwa) peke yake pamoja na kiasi kilichobaki.

Watengenezaji walilijua tatizo hili, wakaiweka folda ya /opt ndani ya /home na kuwataka waandaaji wa programu waweke mizigo yao huko. Wengi walitii. Wachache hawakutii, na lawama yangu naielekeza kwao, kwa kuwa waliona uvivu kubadilisha njia za faili ndani ya vifurushi vyao, wakamwachia mtumiaji kazi ya kuhamisha vitu kwa mkono.

Kuhamisha kwenyewe si kugumu, mradi mtu awe na nakala ya akiba. Folda nzito iliyo chini ya /usr/share, kwa mfano ile ya tafsiri za lugha mbalimbali, hunakiliwa hadi /home/opt kwa amri ya cp -a ili umiliki na ruhusa za faili zisipotee, kisha ile ya asili huondolewa na mahali pake pakawekwa kiungo kinachouelekeza mfumo kwenye makao mapya. Programu huendelea kuisoma folda kwa anwani yake ya zamani bila kujua kwamba imehama.

Kinachowaponza wengi ni tamaa ya zile gigabaiti 27. Sehemu hiyo hutumia FAT, mfumo wa kupanga mafaili ambao hautambui viungo wala ruhusa za Linux. Isitoshe, simu inapounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB ili itumike kama diski, sehemu hiyo yote hukabidhiwa kompyuta, na programu iliyohamishiwa humo hujikuta haina pa kukanyaga. Kadi mliyomshauri anunue haina nafuu kubwa katika hili, kwa kuwa kifuniko cha nyuma kikifunguliwa tu simu huitenga. Nazo /bin, /sbin, /lib na /etc zisiguswe kabisa, kwani mfumo huzihitaji wakati wa kuwaka, kabla /home haijaunganishwa.

Msomaji huyo asishangae pia akihamisha megabaiti 10 na kupata pungufu ya hizo. Chipu ile hutumia mfumo wa mafaili uitwao UBIFS, ambao hubana data inapoandikwa, ilhali amri ya du huonyesha ukubwa wa faili kabla ya kubanwa. Mimi mwenyewe nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea.

OpenPandora, kifaa kingine cha mkononi cha Linux, kilikwepa sehemu kubwa ya usumbufu huu: programu yake huja kama faili moja ya PND iliyobanwa, nayo huendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya SD bila kutawanywa ndani ya mfumo. Mwenye N900 hana bahati hiyo, na kwake kujua kizigeu kipi kimejaa ndiyo kazi ya kwanza. Kwa hiyo naomba safu yenu, atakapouliza msomaji mwingine, imtake kwanza alete matokeo ya df -h kabla ya kumwambia afute hata picha moja.

Msomaji wenu