Kwa wanangu mnaoandika kuhusu uhuru wa mtu kujiamulia

Wanangu wa vyuo vya Dar es Salaam,

Nawasalimu. Nilikuwa mkutubi mpaka nilipostaafu, na bado wengi wenu mnaniletea tasnifu nizipitie. Mada ya uhuru wa mtu kujiamulia imewavuta wengi, na mimi naipenda. Kuna jambo linanisumbua, ndiyo maana nawaandikia wote kwa pamoja: mnaandika juu ya mtu kuamua mwenyewe, huku mkimwachia mwingine awasomee.

Chukueni John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza. Mnamnukuu alivyoandika mwaka 1859 katika kitabu chake On Liberty kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha mtu ila kwa kumzuia asiwadhuru wengine. Nukuu ni ile ile, kila mmoja kainakili kwa aliyemtangulia. Mngefungua kitabu chenyewe, mngekuta katika sura hiyo hiyo ya kwanza, mbele kidogo tu, anasema kanuni hiyo haiwahusu watoto, wala jamii alizoziona ziko nyuma. Hao, kwa maoni yake, ni halali kutawaliwa kwa mabavu mradi nia iwe kuwaendeleza. Na mwandishi huyo aliajiriwa London na kampuni ya Waingereza iliyoitawala India, tangu 1823 hadi 1858.

Binti mmoja alinijia na nukuu hiyo kwenye simu, picha ya ukurasa wa tasnifu ya mwenzake. Nikampeleka kwenye rafu. Alisoma amesimama, kidole kikifuata mistari, kisha akaniuliza, "Mama, sisi tumo au hatumo?" Swali hilo ndilo lililokuja kuwa tasnifu yake. Msimtupe Mill, hoja yake ina uzito. Msomeni mpaka muweze kubishana naye.

Kisha someni ya kwetu. Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 12 hadi ya 30, ni kurasa chache, asubuhi moja inatosha. Ibara ya 15 inampa mtu haki ya kuishi kama mtu huru. Ya 30 inamkataza kuutumia uhuru huo kuvunja haki za wengine. Wekeni ibara hiyo kando ya Mill, mtakuwa na sura nzima ya kuandika.

Na ombeni hukumu za kesi ya Rebeca Gyumi, mwanaharakati aliyekwenda mahakamani kupinga ndoa za utotoni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe, ilhali mvulana alitakiwa afikishe 18. Kifungu cha 17 kikaweka ridhaa mkononi mwa baba kwa binti aliye chini ya miaka 18. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Hapo ndipo mada yenu inapotembea kwa miguu: nani aamue, ana umri gani, na nani anasema kwa niaba yake. Someni hoja za pande zote mbili, hata zile zinazowakera. Nashangaa tasnifu nyingi zinavuka bahari kutafuta mifano na hii inabaki kwenye rafu.

Habari ya wazazi kuwachagulieni kozi naiacha, hiyo mnaijua kuliko mimi.

Mkitoka maktaba kwenda kuwahoji watu, hasa mama zenu na bibi zenu juu ya ndoa zao, waelezeni kwanza mnataka nini na maneno yao yatasomwa na nani. Ombeni ridhaa kabla ya kuwasha kinasa sauti. Bibi akikaa kimya kwenye swali, msimsukume. Na akikupigia simu baada ya wiki kusema amebadili mawazo, yafute maneno yake, hata kama sura yako ya nne ilikuwa imeyaegemea yote.

Mama yenu,
Mkutubi mstaafu, Dar es Salaam