Somo la watoto Jumamosi, naomba mthibitishe

Habari za jioni wazazi wenzangu, poleni na baridi. Jumamosi hii saa 3 asubuhi tunakutana kwangu Uyole chini ya mparachichi, ikinyesha tunahamia sebuleni, tutabanana tu. Somo ni mahitaji ya mtu: maji, chakula, nguo na malazi, kwetu na kwa wenzetu duniani.

1. Mchango 2,000 kila mtoto, mwisho Alhamisi jioni, ni ya mkaa, maziwa na manila.

2. Mtoto aje na sweta na kikombe chake, halafu kila mzazi alete viazi viwili vitatu, tutachemsha huku tunawaambia asili ya kiazi ni milima ya Andes huko Peru na Bolivia, nako kuna baridi kama huku kwetu au zaidi. Juzi nilimwambia wangu akakataa kabisa, anasema viazi vinatoka shambani kwa bibi 😂

3. Baba Tumaini atatengeneza kihema cha duara kwa fito na blanketi kuukuu, kama cha wafugaji wa Mongolia, wale wanafunika kwa sufu ya kondoo iliyoshindiliwa na wakihama wanakikunja wanaondoka nacho.

4. Mama Neema ndoo ya maji, watoto wabebe wenyewe kutoka bombani wasikie uzito.

Jamani tusiwaambie watoto eti wenzao wa mbali ni wa kuonewa huruma, waone tu kila mtu anajipanga kulingana na kwao.

Anayekuja aandike jina la mtoto hapa kabla ya Alhamisi, asiyekuja naye aseme tu, nisije nikapika uji wa kumwaga.