Kaka, kipande cha babu kirudi nyumbani

Kaka,

Shikamoo. Tangu arobaini ya babu hupokei simu zangu, basi naandika hapa. Wanao watakuonyesha.

Sikuandikii kwa ajili ya zile ekari za babu unazotaka kuuza. Haya, zimo pia, lakini kwanza ni kipande, ile kadi yake ya kuhesabia siku za kazi.

Tulikuwa chini ya mwembe. Wazee kwenye mkeka, mnunuzi wako kwenye kiti cha plastiki, sisi wanawake upande wa jikoni. Ukaingia ndani, ukatoka na lile kopo la majani ya chai, ukalifungua bila hata kumtazama mama yako, shangazi yangu. Ukakiinua kipande juu kama dalali mnadani. "Jioneeni wenyewe, hapa hakuna ukoo, kuna namba. Mzee alikuwa manamba, kibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, tena manamba mtoro. Ardhi hii ni ya ukoo wa bibi, na wa ukoo wa bibi ni sisi tuliozaliwa na binti yake."

Baba yangu, mtoto wa kwanza wa huyo manamba, akainamisha kichwa, akawa anachora mchangani kwa kidole. Nimelala na picha hiyo mpaka leo.

Wewe ndiye ulisema hivyo, kaka. Wewe uliyenifundisha kuhesabu kwa kipande hichohicho! Jumapili babu alituita, tunanawa mikono, tunakishika kwa zamu: karatasi ngumu iliyogeuka rangi ya chai, kona moja imeliwa na mende, visanduku 30 vya siku 30 za kazi. Unaweka ukucha wako kwenye kila kimoja, mimi nafuatisha. Ishirini na saba vina alama, vitatu vitupu.

Unajua kwa nini vilibaki vitupu. Kwenye mashamba ya mkonge mtu alilipwa kipande kikijaa. Ukiugua, siku haihesabiwi, unaanza pale ulipoishia. Babu aliletwa kwa lori kutoka Njombe, kijana asiyejua Kiswahili cha watu, anaamkia kila mtu "kamwene" na watu wanacheka. Akakata mkonge mpaka mikono ikajaa makovu ya miiba, yale tuliyoyapapasa tukiwa wadogo. Halafu mwaka huo mvua zikaanza mapema, na baba yake bibi alikuwa ameshamwonyesha pori: lima tuone. Angeweza kungoja siku tatu akapokea chake. Hakungoja. "Mvua haina nyapara," alituambia. Aliacha mshahara wa siku 27 kwa ajili ya lile shamba unalotaka kuliuza, na kipande akakiweka ili tujue alilinunua kwa gharama gani. Wewe ukakisoma mbele za watu kama hati ya mashtaka.

Mila ya Wazigua ya kufuata upande wa mama naiheshimu. Bila hiyo mila na bila bibi, babu asingepata mahali pa kuweka jembe. Lakini mkwewe alimpa pori, hakumpa shamba. Visiki aling'oa nani? Nani alilala dunguni kufukuza nguruwe? Na mpaka ule wa mkonge uliowaambia wale vijana waufyeke, miche yake aliibeba mgongoni kutoka huko huko shambani. Kama ugeni ndio kosa, mkonge wenyewe ni mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, miche elfu moja, ikafika hai 62. Nani leo atauambia mkonge urudi kwao?

Na alipanda mara mbili, kaka. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijijini kwa lazima, nyumba yake iliezuliwa, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Nao ulikuwa mwaka wa njaa, watu wanakula ugali wa unga wa njano. Kila alfajiri alitembea kurudi kumwagilia ule mwembe. Miaka ilipopita akarudi kuishi pale, mwembe ukiwa umeanza kuzaa.

Sasa nikwambie la sheria, maana huyo mnunuzi hatakwambia. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Lohay Akonaay na mwanawe, ilisema haki ya kimila kwenye ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba mtu aliyetia nguvu zake kwenye ardhi anastahili fidia ya haki hata kama hakuna jengo juu yake. Yaani jasho. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kauli kwenye uhamisho wa namna hii, huuzi kwa kupeana mikono chini ya mti. Twende tukaombe hati ya hakimiliki ya kimila, majina ya pande zote mbili yaandikwe. Ukiwa na shida ya ada, sema, tutachanga.

Najua utakachojibu: nilikuwa wapi. Ulimwogesha wewe. Miaka miwili ulimbeba kutoka kitandani hadi uani, ukamlisha uji kwa kijiko, na siku aliponisahau jina aliita la kwako. Mungu akulipe, kaka, nasema kwa moyo wote. Lakini mimi nilikuwa Dar na watoto wawili na kazi isiyo na likizo. Kila mwisho wa mwezi nilituma, hata mwezi ule nilipokopa kodi ya nyumba. Dawa zile zilitoka wapi? Ungeniambia amezidiwa ningepanda basi usiku uleule. Uliniambia asubuhi, ameshafunikwa.

Hilo nalo sijalisema kwa mtu mpaka leo.

Baba hajataja jina lako tangu siku ile, wala hajakulaumu. Juzi aliniuliza tu kama kopo liko sehemu kavu. Nakuja Desemba, nitafikia kwa mama yako. Ekari tutazizungumza wazee wakiwepo. Kipande niachie kwa shangazi, ndani ya kopo lake, na usikikunje.