Fildi ya wiki nane haitoshi kumpika mhandisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ya wanafunzi wa uhandisi. Niko kitengo cha matengenezo kiwandani, na kila vyuo vinapofunga tunapokea vijana kwa wiki nane. Wanakuja wote kwa mkupuo, tunakosa hata pa kuwaweka, kisha wanaondoka na hatumwoni mwingine hadi mwaka unaofuata. Wiki ya kwanza inaishia kwenye vibali na mafunzo ya usalama. Kijana anapoanza kutambua kwa sauti tu kwamba beringi ya pampu imechoka, muda umekwisha, anaomba daftari lake lisainiwe. Nani atamkabidhi mashine mtu anayeondoka kesho? Ndiyo maana wengi wanaishia kushika tochi na kutoa nakala za karatasi, na hilo linaniuma, maana wamo wenye akili nyingi.

Njia nyingine ipo. Mwaka 1906, Herman Schneider, mwalimu wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, alianza kuchanganya masomo na kazi kwa wanafunzi 27 waliopangwa wawili wawili. Mmoja akiwa darasani, mwenzake yuko karakana. Wiki inayofuata wanapokezana. Nafasi ya kazi haikubaki wazi, hivyo mwenye kiwanda aliona faida ya kuwafundisha kwelikweli na kuwalipa. Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kilichoanza mwaka 1957, kilirefusha zamu zikawa za miezi minne minne. Mhandisi wake anahitimu akiwa na karibu miaka miwili ya kazi.

Shahada ya namna hiyo huchukua miaka mitano, na mzazi ana haki ya kuuliza gharama. Lakini mwanafunzi anayelipwa mshahara hamtegemei mzazi kwa kila kitu. Tena Bodi ya Usajili wa Wahandisi tayari ina mpango wa miaka mitatu wa kuwalea wahitimu kazini. Kwa nini malezi hayo yasubiri joho?

Naomba chuo kimoja kijaribu, hata kwa idara ya umakanika peke yake: wanafunzi wawili, nafasi moja, mshahara mmoja, wakipokezana kwa muhula. Ratiba ya chuo ndiyo itakayosumbua zaidi, kwa kuwa masomo yatabidi yafundishwe mara mbili kwa mwaka. Chuo kitakachokubali, mimi nitakwenda mwenyewe kwa meneja wangu kuwaombea wawili wa kwanza.

Mhandisi mitambo,
Morogoro