Ng'ombe kachorwa kwenye pakiti, ndani mawese

Mhariri, salamu kutoka Muheza huku Tanga. Mi nina ng'ombe watatu tu wa maziwa, kila asubuhi napeleka ndoo kituoni, wanayapima kwa spiriti kuona kama yameanza kuchacha na kile kipimo cha kuelea kuona kama nimetia maji, yakikataliwa narudi nayo home tunagandisha mtindi basi. Sasa juzi niko dukani Ngamiani nikaona pakiti ya unga mweupe, mbele wamechora ng'ombe na nyasi utadhani maziwa matupu, nikaigeuza nyuma nikasoma kwa taabu maandishi ya sisimizi: mafuta ya mawese, sukari, kisha ndo maziwa.

Tunajua Afrika Mashariki imeweka ushuru wa asilimia 60 kwa maziwa ya kutoka nje, wanaita bidhaa nyeti, yaani ya kulindwa, sawa, tunashukuru. Lakini ukitoa mafuta ya maziwa ukaweka ya mawese, kwa watu wa forodha hayo siyo maziwa tena, yanahamia fungu namba 1901 kwenye orodha yao ya ushuru, vyakula vilivyotengenezwa, na ushuru wake ni mwingine. Ng'ombe bado yupo palepale kwenye pakiti!

Sisemi wazuie, mama ntilie naye anataka chai ya bei poa (hata mke wangu anaununua, tusidanganyane). Ila si waandike mbele, herufi kubwa, kwamba siyo maziwa? Mimi nikitia kikombe kimoja tu cha maji wananirudisha na ndoo yangu.

Mfugaji, Muheza